Soksi ya Mguu wa Kushoto: Maisha ya Watoto katika Misri ya Kale



Nitaanza na soksi. Ni soksi moja tu, ya mguu wa kushoto, ya mtoto mdogo. Imefumwa kwa sufu, ina mistari ya rangi nyingi, na kidole gumba kimewekewa nafasi yake peke yake ili mtoto aweze kuvaa makubadhi juu yake. Ilifumwa Misri yapata mwaka 300 B.K., nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Roma. Wachimbaji wa mambo ya kale waliiokota kwenye jalala la mji wa Antinoupolis, kando ya Mto Nile, katika msimu wa 1913 na 1914. Leo imehifadhiwa British Museum, London. Mwaka 2018 wataalamu wa jumba hilo walieleza jinsi walivyoipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, na wakabaini kwamba rangi zote zile zilitokana na mimea mitatu tu: mmoja wa nyekundu, mmoja wa buluu na mmoja wa njano. Zilizobaki mtiaji rangi alizipata kwa kuchanganya.

Ifikirieni kazi hiyo. Mtu alichemsha mizizi na majani, akatia rangi nyuzi, kisha mtu akakaa na sindano akafuma mstari baada ya mstari, kwa ajili ya mguu ambao baada ya miezi michache usingeingia tena. Jina la mtoto hatulijui, wala la aliyemfumia. Lakini soksi imebaki, na inasema wazi kwamba mtoto huyu alikuwa na mtu wa kumhangaikia.

Shuleni tunawafundisha watoto wetu habari za firauni na piramidi. Tunataja wafalme kwa majina na miaka. Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, na watoto wa wakati ule walikuwa wakifanya nini?", wengi wetu hukwama. Sababu yake iko wazi. Mfalme aliagiza habari zake zichongwe kwenye jiwe. Vitu vya mtoto vilichakaa vikatupwa. Basi anayemtafuta mtoto wa kale ni lazima akubali kuinama jaani, na huko ndiko ninakotaka kuwapeleka jioni ya leo. Ninachotaka mtoke nacho hapa ni kwamba watoto wale walipendwa kama tunavyowapenda wetu, na kwamba mapenzi ya mzazi peke yake hayakutosha kuwakinga.

Kuzaliwa na kulelewa

Mwanamke wa Misri ya kale alijifungua akiwa amechuchumaa juu ya matofali, wakunga wakiwa wamemshika. Kwa miaka mingi wasomi waliyajua matofali hayo kwa maandishi na picha tu. Mwaka 2001 wachimbaji kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipata tofali moja la namna hiyo huko Abydos, ndani ya nyumba ya meya wa mji, la miaka ya 1700 K.K. hivi. Ni tofali la udongo lisilochomwa, ila limepakwa picha: mama amekaa, amempakata mtoto mchanga wa kiume, na wanawake wako mbele na nyuma yake.

Mtoto akishafika duniani, hofu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Palikuwa na nge na nyoka, palikuwa na homa na maradhi ya tumbo. Wazazi walimvalisha hirizi. Tunazo karatasi ndefu nyembamba za mafunjo, za kati ya mwaka 1070 na 700 K.K., ambazo zilikunjwa zikatiwa kwenye kibweta kidogo cha kuning'iniza shingoni. Humo mungu anaahidi kumlinda mtoto aliyetajwa kwa jina, na balaa zinatajwa moja moja: ugonjwa huu na ule, nyoka, nge, hata ukuta kuporomoka. Anayeziona orodha hizo anasikia sauti ya mzazi aliyelala macho usiku kucha akiwaza nini kingine kinaweza kumdhuru mwanawe.

Mtoto alinyonya muda mrefu. Hili tunalijua kutokana na mifupa yenyewe. Katika makaburi ya mji wa Kellis, kwenye oasisi ya Dakhleh, ya wakati wa Waroma, wataalamu walipima naitrojeni iliyomo kwenye mifupa ya watoto wadogo. Mtoto anayenyonya huwa na aina nzito ya naitrojeni kwa wingi kuliko mama yake, na kiasi hicho hushuka kadiri anavyozoea chakula kingine. Vipimo vilionyesha kwamba watoto wa Kellis walianza kulishwa vyakula vingine wakiwa na miezi 6 hivi, na wakaachishwa ziwa kabisa walipokaribia miaka 3. Bibi zetu wangeukubali utaratibu huo bila kubishana.

Hata hivyo wengi walikufa. Mwaka 1889 Mwingereza Flinders Petrie alipochimba mji wa Kahun, uliojengwa karibu na piramidi ya Mfalme Senusret wa Pili, alikuta chini ya sakafu za nyumba visanduku vya mbao. Vilikuwa vimetengenezwa kwa ajili ya nguo na vitu vya nyumbani, kisha vikageuzwa majeneza ya watoto wachanga. Kisanduku kingine kilikuwa na watoto wawili au watatu pamoja, na baadhi yao walikuwa wamevalishwa shanga. Huko Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme karibu na Luxor ya leo, vichanga vilizikwa ndani ya vikapu na mitungi, upande mmoja wa makaburi uliotengwa kwa watoto.

Kuna wanahistoria waliowahi kudai kwamba watu wa kale hawakujiruhusu kuwapenda sana watoto wao, kwa kuwa walikufa kwa wingi. Mimi nawaomba watazame zile shanga. Mtu asiye na uchungu hamvalishi shanga mtoto anayemlaza ardhini, wala hamhifadhi chini ya sakafu anayoikanyaga kila siku.

Kucheza

Aliyepona alicheza. Katika makaburi ya waheshimiwa Mereruka na Ptahhotep huko Saqqara, yaliyochongwa zaidi ya miaka 4,200 iliyopita, kuta zina michezo ya watoto. Wavulana wamegawanyika timu mbili wanavutana. Wawili wamekaa chini wakitazamana, wamenyoosha miguu na mikono, na mwenzao anaruka juu yao. Mchezo huo umeonekana ukichezwa na watoto wa Misri hata katika zama zetu. Wasichana wanacheza ngoma wakiwa na vioo mkononi, nywele zimefungwa msuko mrefu wenye kitu kizito mwishoni, unaozunguka nao wanapogeuka. Baadaye, katika makaburi ya Beni Hasan, wasichana wanarusha mipira mitatu kwa zamu bila kuiangusha, mmoja akiwa amepishanisha mikono ili kuonyesha umahiri.

Mipira yenyewe ipo. Kule Kahun Petrie aliokota mipira ya ngozi iliyoshindiliwa nyasi, na pia za mbao, na wanasesere, na vinyama vya udongo vilivyofinyangwa na vidole ambavyo havikuwa vya fundi. Kwingine imepatikana mipira ya matambara na ya matete yaliyosokotwa. Sisi tuliokulia kwenye chandimu, tuliosokota mpira kwa matambara na kamba, hatuhitaji kuelezwa ni kitu gani. Nilipoona picha ya mpira mmoja wa namna hiyo kwa mara ya kwanza, vidole vyangu vilijua umefungwaje kabla sijasoma maelezo.

Ndiyo maana nasema mchezo ni ushahidi wa kihistoria wenye uzito wake. Unaonyesha kwamba mtoto alikuwa na saa zake, na wenzake, na kanuni ambazo mkubwa hakumtungia.

Kusoma

Si kila mtoto aliyekwenda shule. Wataalamu wanakadiria kwamba katika zama za piramidi aliyejua kusoma alikuwa labda mtu mmoja katika kila mia. Kijiji cha Deir el-Medina kilikuwa tofauti, kwa sababu kazi ya kuchonga na kuandika makaburi ya wafalme ilihitaji watu wenye kalamu. Kuanzia mwaka 1922 hadi 1951 Mfaransa Bernard Bruyère alichimba kijiji hicho, na kati ya vitu vingi alivyopata mna maelfu ya vigae na vipande vya mawe ya chokaa vilivyoandikwa. Mafunjo yalikuwa ghali. Jiwe lilikuwa bure. Mwanafunzi aliokota kipande, akaandika somo lake la siku kwa wino, na pengine tarehe mwishoni.

Kitabu cha kwanza cha wanafunzi kiliitwa Kemyt. Kilitungwa karne nyingi kabla yao, kwa lugha ambayo nyumbani haikuzungumzwa tena, na bado walikinakili kwa mistari inayoshuka kutoka juu kwenda chini kama walivyofanya wazee wao. Maandiko ya shule hayafichi kwamba fimbo ilikuwa sehemu ya somo.

Maandishi mengine waliyonakili sana ni mausia ya Khety, ambamo baba anampeleka mwanawe kwa mashua kwenye shule ya waandishi na njiani anamweleza ubaya wa kazi nyingine zote. Mhunzi ananuka, mfinyanzi anagaagaa kwenye matope, dobi anafulia karibu na mamba. Shabaha yake ni kumfanya kijana aone kwamba kalamu inashinda yote. Sasa tazameni waliokuwa wakiandika mausia hayo. Walikuwa wana wa wachonga mawe na wapaka rangi. Mtoto alirudi nyumbani jioni na kigae kilichowadharau mafundi, akamkuta baba yake mwenyewe anafuta vumbi la mawe usoni. Elimu iliyompa mtoto kalamu ilimfundisha pia kumtazama baba yake kwa jicho jingine. Walimu wenzangu, jambo hilo tulitafakari, kwa maana tunaliona hata sasa.

Kufanya kazi

Watoto walio wengi walisomea shambani. Katika kaburi la Menna huko Thebes, la mwaka 1400 K.K. hivi, mchoraji amejaza ukuta mavuno ya nafaka, na pembeni, mahali ambapo jicho halifiki upesi, ameweka wasichana wanaookota masazo nyuma ya wavunaji. Wawili wamekamatana nywele kwa kugombea masuke. Karibu nao wengine wawili wamekaa, mmoja amemnyooshea mwenzake mguu, na mwenzake ameinama anamtoa mwiba. Ugomvi na huruma vimewekwa bega kwa bega, na njaa ikiwa sababu ya yote mawili. Mchoraji yule alikuwa amewatazama watoto kwa makini.

Mwingine alipelekwa kujifunza ufundi. Mwaka 66 B.K., katika mji wa Oxyrhynchus, mfumaji Tryphon aliweka mkataba wa kumkabidhi mwanawe Thoonis kwa mfumaji mwingine kwa mwaka mmoja. Mkataba unasema kijana atatii yote anayoambiwa katika kazi hiyo, na siku atakazotoroka atazilipa mwisho wa mwaka, la sivyo baba atoe drakma moja kwa kila siku. Kumbe utoro ulikuwapo, na ulikuwa na bei yake.

Kazi ya mtoto ndani ya familia na kwa fundi ilikuwa na mipaka, japo migumu. Kuna mahali ambapo haikuwa na mpaka. Yapata mwaka 1347 K.K. Mfalme Akhenaten aliamuru mji mpya ujengwe jangwani, mahali tunapopaita Amarna. Ulijengwa kwa haraka kubwa, mahekalu na majumba, kwa mawe ambayo moja lilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Katika miaka ya karibuni wachimbaji wa mradi ulioongozwa na Barry Kemp walifungua makaburi ya kaskazini mwa mji, yasiyokuwa mbali na machimbo ya mawe. Mifupa ya watu 105 ilichunguzwa. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa na umri wa kati ya miaka 7 na 25, na wengi wao hawakufika miaka 15. Migongo ya baadhi yao ilikuwa imevunjika, na viungo vimeumia kama vya watu waliobeba mizigo mizito siku baada ya siku. Walizikwa, mara nyingi wawili wawili au watatu watatu katika shimo moja, kwa vitu vichache sana au bila chochote. Katika mashimo mengi hakuna dalili ya mzazi aliyekuja na shanga.

Sanaa ya Amarna inasifiwa ulimwengu mzima kwa upole wake. Ni huko ambako mfalme na Malkia Nefertiti wamechongwa wakiwapakata na kuwabusu binti zao. Nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi picha hizo kwa miaka, nikiwaambia tazameni upendo. Siku hizi siwezi kuionyesha picha hiyo bila kuwasimulia habari ya makaburi ya kaskazini. Mfalme yule aliwapenda watoto wake. Watoto wa wengine walimbebea mawe.

Barua mbili

Turudi Oxyrhynchus. Kuanzia mwaka 1896 Waingereza Bernard Grenfell na Arthur Hunt walichimba majalala ya mji huo, wakatoa mafunjo mengi kiasi kwamba kazi ya kuyachapisha haijaisha hadi leo. Kati ya yote nimechagua barua mbili.

Ya kwanza, ya karne ya 2 au ya 3 B.K., imeandikwa na mtoto aitwaye Theon kwenda kwa baba yake, anayeitwa Theon pia. Baba amesafiri, naye ameachwa nyumbani kwa hila. Kijana ana hasira. Anamshukuru baba kwa kejeli, kisha anatoa masharti: asipopelekwa Alexandria hataandika barua, hatasalimia, hatapokea mkono wa baba yake. Zawadi aliyotumiwa anaidharau. Anasimulia bila aibu kwamba mama yake amechoka naye na ameomba mtu amwondoe mbele yake. Anamaliza kwa kutishia kwamba asipoitwa hatakula wala hatakunywa. Kigiriki chake kimejaa makosa ya tahajia, na makosa hayo yanamfanya awe hai zaidi, maana aliandika kama alivyosema. Mzazi yupo hapa ambaye hajawahi kupata vitisho vya namna hiyo?

Ya pili ni ya Juni, mwaka 1 K.K. Kibarua aitwaye Hilarion yuko Alexandria, anamwandikia Alis, mwenzake, aliye nyumbani. Anamsihi amtunze mtoto wao mdogo, anaahidi kutuma fedha mara atakapolipwa, na kwa kuwa Alis alimtumia ujumbe asimsahau, anamtuliza kwamba hawezi kumsahau. Ni maneno ya mtu mwenye moyo. Kisha, katikati ya barua hiyo hiyo, anamwagiza: ukijifungua mtoto wa kiume, mwache, akiwa wa kike, mtupe.

Mtoto aliyetupwa aliachwa jaani. Aliyemwokota aliweza kumfanya mtumwa, na tunayo mikataba ya kuwalipa wanawake wanyonyeshe watoto waliookotwa namna hiyo. Kwenye mafunjo ya Misri yapo majina kama Kopreus na Kopria, yenye mzizi wa neno la Kigiriki la samadi, na wanahistoria wengi huyahusisha na watoto hao. Tena haukuwa utaratibu wa lazima wa zama hizo. Strabo, mwandishi Mgiriki wa wakati huo huo, aliandika kwamba Wamisri wenyewe huwalea watoto wote wanaozaliwa. Kumbe katika mji mmoja, chini ya serikali moja, watu wangeweza kuamua vingine, na wapo walioamua.

Ndugu zangu, tumeanza jaani na tumeishia jaani. Jalala lilitupa soksi iliyofumwa kwa mapenzi, likatupa barua ya mtoto mkaidi aliyependwa, na palikuwa na siku ambapo lilipokea mtoto mwenyewe. Watu waliofanya yote hayo hawakuwa aina mbili za binadamu. Hilarion alimpenda mtoto wake mdogo. Akhenaten aliwabusu binti zake. Mapenzi yao yaliishia mlangoni pao. Kwa hiyo mimi, ninapoulizwa kama dola fulani ya kale ilikuwa kubwa, siangalii tena urefu wa minara yake. Nauliza mtoto asiye wa mfalme, na binti asiyetakiwa, walifanywaje. Swali hilo hilo nchi zetu nazo zitaulizwa, na wenye majibu watakuwa watoto wenyewe.

Nina ombi moja dogo la kumalizia. Historia ya mtoto hupotea kwa sababu yeye hana uwezo wa kuchagua kitakachohifadhiwa. Sisi ndio tunaochagua. Leo mkifika nyumbani, kabla hamjatupa daftari lililojaa, au gari la waya lililokatika gurudumu, chukueni kimoja tu. Andikeni juu yake jina la mtoto, kijiji au mtaa, na mwaka. Kisha kiwekeni pakavu.